Mlima Hauhami

Mtu aisimamiapo picha ya mandhari, swali lake la kwanza aghalabu huwa jepesi: hapa ni wapi? Hulitafuta jina la mlima, au la mto, au la kijiji, naye akisha kulipata huridhika na kwenda zake, kana kwamba mchoraji alikuwa karani wa mashamba aliyetumwa kuandika mipaka ya ardhi. Swali la pili, ambalo ni zito kuliko hilo na lenye faida ya kudumu, huulizwa na wachache: aliyechora alikuwa nani siku ile, na alikuwa amefika wapi katika safari ya umri wake tangu alipopaona mahali hapo kwa mara ya kwanza? Naamini ya kuwa swali hili la pili ndilo mlango wa sanaa ya mandhari, na kwamba ardhi iliyomo ndani ya picha, hata ikichorwa kwa uaminifu wote, hutueleza habari za mchoraji zaidi ya habari zake yenyewe. Maadamu mlima hauhami, mengi ya mabadiliko tuyaonayo baina ya picha yake moja na picha yake nyingine ni mabadiliko ya binadamu aliyeutazama.

Wako wadhanio kuwa mchoraji aliyeketi nje, turubai ikiwa mbele yake na brashi mkononi, hana haja ya kumbukumbu, kwa sababu kila akitakacho kipo machoni pake. Lakini na tuitazame kazi yenyewe jinsi inavyokwenda. Huinua macho akauona mti. Huyainamisha juu ya turubai ili auweke. Na katika kitambo kile kifupi baina ya kuinua na kuinamisha, mti umekwisha kuwa ghaibu, na kiuongozacho mkono ni kile ambacho moyo umekihifadhi. Basi kila picha ya mandhari ni kazi ya kumbukumbu, ama kumbukumbu ya nukta moja, ama kumbukumbu ya miaka arobaini. Nayo kumbukumbu ina tabia ambayo jicho halina. Jicho hupokea vyote kwa usawa, jiwe na nyumba, jani na uso wa mama. Kumbukumbu huchagua, hukitukuza hiki na kukififiza kile, na kwa kuchagua huko huidhihirisha hulka ya mwenye kukumbuka. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuchora mahali alipolelewa asijichore mwenyewe, hata kama ndani ya picha yake hamna sura ya mtu hata mmoja.

Ushahidi wa jambo hili hatuna haja ya kuufuata mbali. Mwaka 1923, huko Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, alizaliwa Sam Joseph Ntiro, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa wachoraji wa kwanza wa Tanganyika kujulikana ng'ambo. Ayajuaye materemko yale anajua kuwa ni ardhi iliyotunzwa na mkono wa binadamu kwa vizazi vingi: vihamba vyenye migomba juu na mibuni chini ya kivuli chake, mifongo iletayo maji kutoka msituni mpaka mashambani kwa zamu zilizokubaliwa, masale yaliyopandwa yawe alama ya mpaka na ya amani baina ya jirani na jirani, na juu ya yote kilele cha Kibo, ambacho mara nyingi hujificha mawinguni mchana kutwa, kikajifunua kwa adhama yake asubuhi na jioni. Mtoto aliyezaliwa humo haoni mandhari. Huona kazi, huona njia ya kwenda kuteka maji, huona migomba ya babu yake. Ili mahali pawe mandhari sharti mtu aondoke, ageuke nyuma, na ahisi ya kuwa kilichokuwa mazoea yake sasa kimekuwa haja ya moyo wake.

Ntiro aliondoka. Kwanza alikwenda Makerere, Uganda, ambako mwalimu wa sanaa alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kazi hiyo katika miaka ya 1930, na ambaye chuo cha sanaa cha pale kilikuja kuitwa kwa jina lake. Katika mafundisho yake ilikuwa desturi ya Bibi Trowell kuwasimulia wanafunzi kisa au hali fulani kwa maneno, kisha akawaacha waione kwa jicho la ndani na kuichora kama walivyoiona. Njia hiyo ilipata sifa na ikapata lawama, kwa kuwa wapo walioona kuwa iliwanyima wanafunzi ujuzi wa kuchora kwa kipimo. Lakini kwa kijana aliyetoka mlimani ilikuwa na fadhila moja isiyo ndogo, nayo ni kwamba ilimpa idhini ya kukumbuka. Haikumlazimu kuazima bustani ya mtu mwingine ili ahesabiwe kuwa mchoraji. Aliambiwa, kwa vitendo kuliko kwa kauli, kwamba hazina aliyokuja nayo kutoka kwao ilitosha kuanza kazi.

Kisha, mwaka 1952, alivuka bahari kwenda London, katika chuo cha sanaa cha Slade, akakaa huko mpaka 1955. Mtu angetazamia ya kuwa baada ya miaka ile picha zake zingejaa barabara za mji ule, ukungu wake na madaraja yake. Au kwamba migomba yake ingeanza kupangwa kwa kanuni zitawalazo macho ya Ulaya tangu karne nyingi, ya karibu ikiwa mikubwa na dhahiri, ya mbali ikipungua na kufifia. Haikuwa hivyo. Aliendelea kuwachora watu wa kwao wakichuma kahawa, wakikata miti, wakienda gulioni na kutengeneza pombe ya ndizi; watu wengi, wadogo, wenye maumbo yaliyorahisishwa, wakishirikiana kazi moja katikati ya kijani kilichoenea. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, ikawekwa pamoja na kazi za mabingwa wa dunia.

Nimeitafakari sana hali hii ya watu wa Ntiro kutopungua kwa kuwa mbali, nami naona kuwa ndani yake mna ukweli ambao kanuni za kipimo haziufikii. Katika kumbukumbu hakuna mbali wala karibu kwa hesabu ya hatua. Mtu akikikumbuka kijiji chake akiwa ugenini, jirani wa ng'ambo ya mfongo hasimami mdogo kuliko jirani wa mlangoni. Wote huja pamoja, kwa kimo kimoja, kama walivyo sawa katika haki ya kukumbukwa. Kipimo cha Ulaya humweka mtazamaji mahali pamoja, peke yake, na kuvipanga viumbe vyote kwa kadiri ya umbali wao na yeye. Kumbukumbu ya Machame ilimweka mtazamaji katikati ya watu, akiwa mmoja wao. Asiyezijua kanuni huziacha kwa ujinga, na kuziacha huko hakuna thamani. Aliyezisoma katika chuo chenye sifa, akazipima, kisha akashika njia yake, huziacha kwa hiari. Na hiari hiyo, inayotokana na elimu na wala si na ukaidi, ni dalili ya kukomaa. Tanganyika ilipopata uhuru wake mwaka 1961, Ntiro alitumwa kuwa balozi wake Uingereza. Alikuwa amekwisha kuiwakilisha Machame kwa rangi kabla hajaiwakilisha nchi kwa maneno.

Elimo Njau, mwana wa mlima ule ule, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere vilevile, alikwenda njia nyingine yenye mwisho unaofanana na huo. Alipewa kazi ya kuchora ndani ya kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau, naye mwaka 1959 akazikamilisha picha kubwa tano za maisha ya Masihi, ambamo Masihi huzaliwa na kuishi katikati ya vilima, vibanda na watu wa Afrika. Tuizingatie hekima ya jambo hili. Waombolezao hawakupewa nchi ya mbali wasiyoijua iwe faraja yao. Walirudishiwa ardhi ile ile iliyoona maafa, nayo sasa imetakaswa kwa habari njema. Kumbukumbu iliyokuwa jeraha iligeuzwa kuwa mahali pa kusali, na mchoraji aliyeweza kuifanya kazi hiyo kwa watu ambao si wa kijiji chake alikuwa amejifunza kwanza, kwao Marangu, jinsi mtu apendavyo ardhi yake.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Katika jimbo la Suffolk, Uingereza, kando ya mto mdogo uitwao Stour, alizaliwa mwaka 1776 John Constable, mwana wa mfanyabiashara wa nafaka aliyemiliki kinu cha maji cha Flatford. Utoto wake ulikuwa wa kingo zile za mto, milango ya kuzuilia maji, na mashua zilizovutwa na farasi kupeleka unga. Mwaka 1821 aliionyesha London picha yake iliyo mashuhuri kuliko zote, ambayo Waingereza huiita The Hay Wain: mkokoteni wa kubebea majani makavu umesimama ndani ya maji ya kina kifupi, nyumba ya jirani iko upande wa kushoto, mbwa yuko ukingoni, na adhuhuri ya kiangazi imetanda juu ya mashamba. Mtazamaji hudhani kuwa mchoraji alikuwa ameketi pale pale ukingoni. Ukweli ni kwamba turubai ile kubwa ilichorwa London, katika chumba chake cha kazi, kutokana na vichoro alivyokuwa amevikusanya kwa miaka. Na alipokuwa akiichora, mama yake alikuwa amefariki tangu 1815 na baba yake tangu 1816. Utulivu ule wa adhuhuri, ambao Wafaransa waliutunza kwa nishani ya dhahabu Paris mwaka 1824, ulikusanywa na mwana aliyefiwa na wazazi, aliyekuwa akijenga upya, kwa rangi, nyumba ambayo hangeweza tena kuirudia kama alivyoiacha.

Iko picha yake nyingine ifundishayo zaidi. Mwaka 1814 Constable alipita Hadleigh, katika jimbo la Essex, penye magofu ya ngome ya kale juu ya mlango wa mto Thames, akachora kichoro kidogo cha penseli katika daftari lake, akaendelea na safari. Wakati ule alikuwa mchumba mwenye matumaini, akingoja kumwoa Maria Bicknell, ambaye jamaa zake hawakuiridhia posa hiyo. Wakaoana mwaka 1816, wakapata watoto saba. Novemba 1828 Maria alifariki kwa kifua kikuu. Na mwaka uliofuata, 1829, Constable alionyesha picha kubwa ya magofu ya Hadleigh: minara iliyopasuka, anga lililochafuka kwa mawingu mazito, mchungaji mmoja mdogo na mbwa wake wakipita chini ya kuta zisizo na mlinzi, na maji yakimeta kwa mbali chini ya mwanga uliopenya kwa shida. Kwa miaka 15 kichoro kile kililala daftarini bila kutakiwa. Mkono uliokichora haukujua ulikuwa umehifadhi nini, wala moyo haukuwa na haja nacho, mpaka ilipofika siku ambayo kila kitu nyumbani mwake kilikuwa kimevunjika; ndipo kumbukumbu ilipokitoa na kukiweka mbele yake. Magofu yalikuwa yale yale. Aliyekuwa mzima mwaka 1814 na kubomoka mwaka 1829 ni mtazamaji.

Msomaji wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya fahari ya Pate iliyoporomoka, hatalistaajabia jambo hili, kwa maana watu wa pwani wamejua tangu zamani kuwa kuta zilizoanguka huizungumza nafsi kwa ufasaha kuliko kasri zilizosimama. Lakini ibra ninayotaka tuichukue hapa ni hii: kumbukumbu ya mahali haitumiki yote siku ile ile ipatikanapo. Huwekwa kama amana. Mtu huona katika ujana wake vitu ambavyo hatavielewa mpaka utu uzima, na mchoraji mwenye hekima hukusanya bila kuuliza faida, akijua kuwa maisha yenyewe, kwa furaha zake na kwa misiba yake, ndiyo yatakayomfunulia siku moja ni kwa nini jicho lake lilisimama pale.

Paul Cézanne nimemweka mwisho kwa sababu hakuichora nchi yake akiwa mbali kama Constable katika chumba chake cha London, wala haikumlazimu kuvuka bahari ili aione kama Ntiro. Njia yake ilikuwa kurejea. Alizaliwa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1839, na mashariki ya mji ule upo mlima uitwao Sainte-Victoire, wenye urefu wa mita 1,011, usiofika hata moja ya tano ya mita 5,895 za Kilimanjaro, lakini wenye kilele cheupe cha mawe kionekanacho kutoka pande nyingi za nchi. Katika ujana wake yeye na rafiki yake Émile Zola, ambaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, walizunguka katika vilima vile, wakaoga katika mto Arc, wakaota ndoto za utukufu. Baba yake, aliyekuwa mwenye benki, alitaka asome sheria. Kijana akachagua rangi, akaenda Paris, na kwa miaka mingi waamuzi wa maonyesho makuu ya mji ule wakazikataa picha zake.

Mlima ulimngoja. Katika picha aliyoichora karibu na mwaka 1870, Sainte-Victoire upo pembeni ya kilima kilichochimbwa ili kupitisha reli. Ni mlima mmoja miongoni mwa vitu vingine, mzito, mkavu, uliowekwa mahali pake kwa nguvu za kijana asiyependa kubembeleza. Katika miaka ya 1880 mlima umekuja katikati. Msonobari husimama mbele, na matawi yake huufuata mstari wa kilele kwa utii kama wa mwenye kusikiliza; bonde limepangwa kwa utulivu, mashamba na nyumba na daraja refu la reli vikiwa katika nidhamu moja, hata daraja lile jipya la magari ya moshi huonekana lina umri sawa na mlima. Hapo mchoraji alikuwa amepindukia miaka arobaini, naye alikuwa ameacha kushindana na ulimwengu, akaanza kuuliza vitu vyake vinahusianaje.

Kisha ukaja wakati wa kupoteza. Mama yake alifariki mwaka 1897, na mwaka 1899 nyumba ya familia, iliyokuwa mikononi mwao kwa miaka 40, ikauzwa. Akanunua kiwanja juu ya kilima cha Les Lauves, kaskazini ya mji, akajenga chumba cha kazi kilichokamilika mwaka 1902, na kutoka njia ya juu ya kilima hicho akauona mlima wake ukiwa umekaa peke yake ng'ambo ya uwanda. Picha alizozichora hapo katika miaka yake ya mwisho hazifanani na chochote kilichokuwa kimechorwa kabla yake. Nyumba na miti vimekuwa mabaka ya rangi, ya kijani, ya samawati, ya hudhurungi, yaliyopangwa moja kando ya jingine. Kijani cha nchi kimepanda mpaka angani, na samawati ya anga imeshuka ndani ya jiwe. Mahali pengine turubai imeachwa tupu, bila ya rangi, na utupu huo una kazi sawa na rangi yenyewe. Nchi, mlima na hewa vimekuwa dhati moja. Katika umri wake wote aliuchora mlima huo katika picha zaidi ya 30 za rangi za mafuta, mbali na nyingi za rangi za maji, na hata moja haikuwa marudio ya nyingine.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mlima mmoja, ilhali Ufaransa ina milima mingi mirefu na mizuri kuliko huo? Jawabu langu ni kwamba mtu abadilishaye kitu akitazamacho kila mwaka hawezi kujua kilichobadilika ni kitu au ni yeye. Cézanne alishika kitu kimoja kisichohama ili mwendo wa nafsi yake udhihirike kwake. Kijana aliona vitu; mtu mzima aliona mafungamano ya vitu; mzee aliona umoja wao. Laiti angalihama kila msimu kutafuta mandhari mapya, tungalikuwa na picha nzuri za nchi nyingi, lakini tusingalikuwa na historia hii ya jicho moja likikua. Oktoba 1906 alinyeshewa na mvua alipokuwa nje akichora, akaanguka, akarudishwa nyumbani juu ya gari la dobi. Na baada ya siku chache akafariki, akiwa na umri wa miaka 67, akiwa bado hajahesabu kuwa ameumaliza mlima wake.

Sasa sina budi kulijibu shaka moja la haki. Je, kumbukumbu si yenye kudanganya? Je, mtu akumbukaye kwao hapapambi, akafuta vumbi, njaa na ugomvi, akatuonyesha bustani ambayo haikuwako? Yawezekana, na hutokea. Lakini tiba ya jambo hilo haipatikani kwa kuikimbia kumbukumbu. Hupatikana kwa kuichunga na kuirudia, kama walivyofanya hawa. Hatari kubwa zaidi naiona katika mandhari ambayo hayakukumbukwa na mtu yeyote. Nenda katika maduka ya vitu vya watalii, tangu Arusha hadi Mombasa, utauona Kilimanjaro mwingine: theluji kileleni, mgunga mmoja mbele, ndovu mmoja au twiga wawili, jua jekundu, wala hapana kihamba, hapana mfongo, hapana mama aliyejitwika mkungu wa ndizi. Simlaumu fundi aichoraye picha ile, kwa maana ana watoto wa kuwalisha, na mkono wake mara nyingi una ustadi wa kweli. Nasikitika kwamba soko limemwomba amchoree mgeni ndoto ya mgeni, na halijamwomba hata siku moja achore alichokiona yeye alipokuwa mtoto. Picha ile hurudiwa maelfu ya mara, na anayeirudia haimkuzi, kwa sababu hakuna nafsi iliyowekwa humo iweze kukua.

Tena ipo faida nyingine ya kuchora kwa kumbukumbu, itufaayo sote, hata tusioshika brashi. Nilisema kuwa mlima hauhami, na kwa umri wa mtu mmoja neno hilo ni kweli; lakini sura yake hubadilika. Barafu iliyofunika kilele cha Kibo mwaka 1912, ilipopimwa kwa ramani, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wazee wa Machame na Marangu wameona katika maisha yao weupe ambao wajukuu wao hawatauona. Wanasayansi wametuhifadhia vipimo vya barafu hiyo, nasi tunawashukuru. Lakini vipimo havitatuambia ilikuwaje kwa mtoto kuuona weupe ule juu ya migomba asubuhi ya baridi, akiwa njiani kwenda shule. Hilo mchoraji ndiye awezaye kulihifadhi, na asipolihifadhi litazikwa pamoja na waliolishuhudia. Kumbukumbu ya mtu mmoja, ikisha kuwa picha, huwa mali ya waliozaliwa baada yake.

Kwa hiyo neno langu la mwisho nalielekeza kwa wazazi na walimu. Watoto wetu wengi wapewapo karatasi na kalamu za rangi, huchora mandhari moja: vilima viwili vyenye ncha, jua likichomoza katikati yake, mto ukiteremka, na nyumba yenye mlango mmoja na madirisha mawili. Huichora mtoto wa Moshi, ambaye ana mlima halisi mgongoni pake. Huichora pia mtoto wa Kilwa, ambaye jua lake huchomoza baharini, juu ya mikoko na ngalawa, na ambaye hucheza karibu na magofu yenye umri wa karne nyingi. Wameipokea kwa wakubwa zao, na wakubwa kwa wakubwa wao, wala hakuna aliyewauliza wao wenyewe wameona nini. Tuwaulize. Tumwambie mtoto achore njia ya kwenda kwa bibi yake, au kisima cha kwao, au uwanja wa nyuma ya nyumba mvua inyeshapo, bila kumsahihishia ukubwa wa mti wala rangi ya anga. Kisha tuandike tarehe nyuma ya karatasi, tuiweke. Baada ya miaka apewe tena karatasi, achore mahali pale pale, na picha mbili ziwekwe kando kwa kando mbele yake. Hakuna shahada itakayomwonyesha kwa uwazi zaidi alikotoka na alikofikia. Na wewe msomaji, uliye mtu mzima na uliyejiambia zamani kuwa hujui kuchora, chagua mahali pamoja unapopapenda, pachore kama uwezavyo, andika mwaka, na urejee.